Kuyauliza Maji Yalikotoka

Nilipoajiriwa kwenye ofisi ya maji mjini Moshi, nikiwa fundi sanifu kijana, kazi yangu ilikuwa kukusanya vipimo vya kina. Katika kila kituo cha mto Kikuletwa na vijito vyake palisimikwa rula ya chuma, na mwanakijiji aliyelipwa posho ndogo aliisoma asubuhi na jioni. Sisi tuligeuza kina kuwa lita kwa sekunde. Tulijua ni maji kiasi gani yamepita, yalikotoka hatukuulizana.

Swali hilo lililetwa na kiangazi. Mwezi wa Septemba mvua imekwisha kusahaulika, vijito kadhaa ni mchanga mtupu, lakini Kikuletwa bado unatiririka kuelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Wengi walijibu haraka: ni barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inayeyuka. Hesabu inalikataa jibu hilo. Barafu ya Kilimanjaro ilikuwa takribani kilomita za mraba 12 mwaka 1912, na kufikia 2011 zilibaki chini ya 2. Tena sehemu kubwa yake hugeuka mvuke bila hata kuwa maji. Kumbe msitu wa mteremko wa kusini hupata mvua ya milimita 2,500 kwa mwaka na zaidi. Mvua hiyo huzama kwenye nyufa za miamba ya volkano, ikasafiri chini kwa chini, kisha ikaibuka tambarare kwenye chemchemi kama za Chemka, kule Rundugai.

Kujua hivyo hakukutosha. Tulitaka kujua kila kipande cha mto kinapewa kiasi gani na ardhi, na ardhi ya upande upi. Ndipo mhandisi mmoja aliyerudi masomoni akatufundisha kuyasoma maji yenyewe. Hatukumwaga rangi wala chumvi mtoni. Maji huja na alama zake.

Alama rahisi kuliko zote ni uwezo wa maji kupitisha umeme. Mvua karibu haina madini; maji yaliyokaa ardhini yamelamba miamba, yakabeba silika na chumvi mbalimbali. Chukua mfano: kwenye kipimo mvua inasoma 50, chemchemi 250, na mto uliofurika 150. Mto uko katikati kabisa, kwa hiyo nusu ya maji yake yametoka ardhini. Kloraidi nayo ni shahidi mzuri, ila chini ya vijiji na mashamba haiaminiki, kwa sababu vyoo na mbolea huiongeza.

Shahidi wetu wa nyumbani alikuwa floraidi. Miamba ya Mlima Meru ina madini hayo kwa wingi, ndiyo maana wengi waliokulia kwenye maji ya Arumeru wana meno ya kahawia. Chemchemi za upande wa Kilimanjaro kwa kawaida huwa nayo kidogo. Kikuletwa hukusanya maji ya milima yote miwili, hivyo kile kilichokuwa balaa kwa watoto, kwetu kilikuwa kielekezo.

Kisha zikaja isotopu, yaani atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito. Katika kila molekuli 1,000 za maji, 2 hivi zina oksijeni-18, iliyo nzito. Wingu linapopanda mlima huanza kudondosha zile nzito, hivyo mvua ya juu huwa nyepesi kuliko ya tambarare, na chemchemi huitunza alama hiyo. Chupa ilijazwa mpaka shingoni bila kuacha kiputo cha hewa, maana maji yakigeuka mvuke kidogo tu alama inaharibika. Radoni ilitaka haraka zaidi: ni gesi itokayo miambani, inayopungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8, tena huponyoka hewani mto ukichafuka. Ukiikuta nyingi mtoni, jua maji ya ardhini yameingia hapo karibu.

Siku moja tukiwa Hai, mzee aliyesimamia mfongo, yaani mfereji wa maji, wa ukoo wao alitusimamisha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hizo chupa mnazipeleka wapi? Maji yetu yana ubaya gani?"

Nilimweleza kwamba tunatafuta asili yake. Akacheka. "Yaani maji nayo yana kwao?" Alipoelewa, alituonyesha kijichemchemi ndani ya migomba ambacho hakikuwa kwenye ramani yetu yoyote.

Katika machapisho ya wenzetu wa Kanada, Sklash na Farvolden, ya mwaka 1979, nilisoma jambo lililonishangaza: hata mafuriko ya vijito walivyovipima yalikuwa kwa sehemu kubwa maji ya zamani, yaliyosukumwa kutoka ardhini na mvua mpya. Tangu hapo sikuweza kuuona mto na kisima kama vitu viwili.

Lakini ofisini vilibaki viwili. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 ina kibali cha kutumia maji na kibali cha maji ya ardhini, na maombi hupita kwenye majalada tofauti. Mkulima anayekatazwa kuvuta maji mtoni huweza kuomba kuchimba kisima hatua chache kutoka ukingoni. Kisima hicho ni mrija uliochomekwa mtoni kwa mlango wa nyuma. Nilitumia miaka yangu ya mwisho kazini kulisema hilo kwenye vikao, vipimo mkononi, na baadhi ya maombi yalirudishwa.

Vijana walioshika nafasi yangu niliwaachia utaratibu mmoja. Kabla ya kupendekeza kisima karibu na mto, nendeni Septemba na kipimo cha umeme na chupa chache, mpime mto huo kutoka juu hadi chini kwa siku moja. Mahali namba inapopanda ghafla bila kijito kuingia wala maji machafu kumwagwa, hapo ardhi inaulisha mto. Hapo pasichimbwe.