Mizani ya Ndege

Katika miaka niliyoitumikia kazi ya ufundi wa ndege kwenye uwanja wa Wilson, mjini Nairobi, shughuli niliyoipenda kuliko nyingine zote ilikuwa kupima uzani wa jeti ndogo, na hasa zile Citation za Cessna ambazo injini zake mbili hukaa ubavuni, nyuma ya mabawa. Wenzangu aghalabu waliikwepa, kwa kuwa haina fahari ya kufungua injini wala mngurumo wa kuijaribu. Mchana kutwa mtu hupangusa, hupekua na kuandika, na jioni hana cha kuonyesha ila karatasi moja yenye tarakimu.

Walakini uwanja wenyewe ulitufundisha thamani ya karatasi ile. Wilson, ulioitwa kwa jina la Bibi Florence Kerr Wilson, mwanzilishi wa shirika la Wilson Airways mwaka 1929, umeinuka zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, hata ndege ambayo Mombasa ingeruka bila taabu, hapo hukimbia masafa marefu kabla magurudumu hayajaachana na lami. Ratili ambayo haikuandikwa kitabuni hulipwa pale mwishoni mwa njia, mahali ambapo rubani hana tena nafasi ya kuuliza.

Wasiojua hudhani kwamba kupima ni kuisukuma ndege juu ya mizani na kusoma. Kusoma ni kazi ya dakika chache. Taabu iko katika kuiandaa ndege hata iwe tupu, na utupu wenyewe umewekewa masharti na mtengenezaji katika kitabu chake: oili ya injini ijae, majimaji ya haidroli yajae, mafuta ya safari yatolewe yote isipokuwa yale mabaki ya chini ya tangi ambayo pampu haiyafikii, na chakula, vyombo na maji ya msalani visibaki. Kisha hushikwa orodha ya vifaa, ikathibitishwa kwa macho na kwa mkono, kiti kwa kiti, redio kwa redio. Nimetoa chini ya viti vya jeti za matajiri miavuli, chupa, na majalada mazito ya ramani ambayo rubani wake alikwisha kuyasahau.

Hapo tena ndege huingizwa hangani na milango ikafungwa, maana hata upepo mdogo ukipita juu ya bawa huliinua, na mizani ikasema uongo. Magurudumu matatu hukaa juu ya mizani tatu, breki zikaachiwa ili zisiibane ndege upande, na kwa pimamaji na timazi tukahakikisha kwamba imelala sawasawa. Mizani mbili za nyuma ndizo zibebazo karibu mzigo wote. Ya pua hupata sehemu ndogo, pengine moja katika kumi, na kwa hiyo ndiyo niliyoichunga kwa hadhari kubwa zaidi.

Jeti moja iliyonunuliwa ng'ambo ilitujia na kitabu safi, kimetiwa sahihi na mihuri, na mizani zikaonyesha uzani uliozidi ule wa kitabuni kwa kiasi kisichoweza kupuuzwa. Wakala wa mwenye ndege alikasirika.

"Fundi, kitabu hiki kimeidhinishwa," akaniambia.

"Ni kweli, Bwana," nikamjibu, "lakini mizani hazijui kusoma mihuri."

Tulipochunguza hatukumkuta mwongo. Rangi mpya ilikuwa imepakwa juu ya kuukuu, viti vimevikwa ngozi nene, redio za zamani zimeondolewa na nyaya zake zikaachwa ndani ya kuta, na mkiani tukakuta vipande vya risasi, farumi iliyowekwa kwa ajili ya kifaa cha puani ambacho hakikuwapo tena. Kila fundi alikuwa ameongeza chake kidogo kwa nia njema.

Na farumi ile ilinishughulisha kuliko uzito wenyewe, kwa maana swali kubwa ni uzani umekaa wapi. Nahodha wa jahazi hakuridhika kwamba shehena si nyingi. Aliangalia isielemee omo wala tezi. Kwetu hesabu ni hii: kila uzani huzidishwa kwa umbali wake kutoka alama moja iliyowekwa na mtengenezaji, majibu yakajumlishwa, na jumla ikagawanywa kwa uzani wote, ndipo kikapatikana kitovu cha uzani. Tuseme ndege ina ratili 10,000, na mizigo ya ratili 200 ikatolewa mkiani ikapelekwa puani, inchi 250 mbele: kitovu cha uzani kimesogea inchi tano, na huenda nafasi yote iliyoruhusiwa ni inchi chache tu.

Aliyedharau hesabu hiyo nilimsimulia habari ya Teterboro, jimbo la New Jersey, Marekani, tarehe 2 Februari 2005. Jeti aina ya Challenger ilifikia kasi yake, rubani akavuta usukani, na pua ikakataa kuinuka. Ikapita mwisho wa njia, ikakata barabara ya magari na kuingia ndani ya ghala. Kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Wachunguzi walikuta kwamba kitovu cha uzani kilikuwa mbele mno kupita mpaka.

Sisi jeti zetu zilitutia hofu upande wa pili, kwa kuwa injini zimekwisha kuuvuta uzani nyuma. Ilipotengenezwa moja ichukue wagonjwa, daktari alitaka mitungi ya oksijeni ikae karibu na kichwa cha mgonjwa, yaani nyuma kabisa.

"Daktari," nikamwambia, "mitungi nitaiweka mbele, nikurefushie mpira."

Alikubali, ila kwa sharti kwamba mpira usipite miguuni mwa muuguzi. Basi tukaupitisha juu, ukingoni mwa dari, na kabla ya kuufunga tukaupima nao.