Nilimwita shemeji yangu mvivu, kumbe shokapu ndizo zilizokufa

Leo sina umbea wa mtu. Umbea ni wangu mwenyewe, na mnivumilie maana kuna mambo ya gari humu ndani ambayo zamani hata mimi nisingeyasoma.

Mume wangu alipofariki aliniachia watoto watatu na Land Cruiser pikapu, ile ya injini ya dizeli 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Wengi mnaijua kwa jina la mkonga. Kazi yake ni kubeba mizigo kutoka Mto wa Mbu, kupita Selela na Engaruka, mpaka Ngare Sero kule chini ya mlima Oldoinyo Lengai. Saruji, unga, soda, mabati, chochote. Anayeendesha ni mdogo wake marehemu, shemeji yangu. Hiyo gari ndiyo ada, ndiyo ugali, ndiyo kila kitu.

Mwaka jana shemeji akaanza kuchelewa. Safari aliyokuwa anaimaliza mchana akawa anaingia usiku. Nikimuuliza ananijibu, "Shemeji, mbele gari haishiki njia. Shokapu zimechoka." Nikanunua shokapu mbili za mbele, mpya, za bei ya chini kabisa. Mwenye duka aliniapia kwamba shokapu zote ni sawa, tofauti ni rangi tu. Mimi na rangi nikachagua! Haikufika miezi minne, shemeji akarudi na wimbo ule ule.

Hapo ndipo nilipokosea, jamani. Nilimwambia maneno ambayo mpaka leo yananichoma. Nikamwambia, "Marehemu kaka yako aliendesha gari hiyo hiyo, barabara hiyo hiyo, na hakulalamika. Sema tu umechoka kazi." Moyoni nilikuwa na jingine baya zaidi: nilihisi anapakia abiria wake njiani na kula hela. Hakunijibu. Alichukua ufunguo akatoka.

Wiki iliyofuata nikamwambia tunakwenda wote. Lengo langu lilikuwa kumchunguza, nisiwadanganye.

Kama hamjapita njia ile, sehemu kubwa yake ni vumbi, mawe na makorongo, na kuna vipande ambavyo barabara imejikunja kama bati. Tulipoacha lami nikaanza kuelewa. Gari ilikuwa haipiti juu ya mikunjo, ilikuwa inaruka. Tukishuka kishimo kidogo pua inazama, inainuka, inazama tena mara tatu nne. Mbele ya Engaruka, kwenye kona, usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwake kama umepandisha mashetani, gari ikawa inatembea kwa ubavu kuelekea korongoni. Hakukanyaga breki kwa nguvu. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaushika usukani mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, tukaishia mchangani. Nyuma tulikuwa na mifuko 30 ya saruji, na juu ya saruji wamekaa kina mama wawili wa Kimaasai waliotuomba lifti. Mmoja ana mtoto mgongoni.

Shemeji akashuka kuangalia tairi. Alipoinama shati likapanda, nikaona amejifunga kitenge kiunoni, kimekazwa kweli kweli. Nikamuuliza cha nini. Akasema kwa aibu, "Mgongo, shemeji. Bila hiki siku hizi sifiki." Sikuwa na la kusema.

Kisha akaniambia nije nishike. Nikapiga magoti kwenye vumbi nikashika shokapu ya kushoto: ya moto, si ya kuacha mkono. Ya kulia: baridi, na mwili mzima umeganda tope la mafuta na vumbi. "Inayofanya kazi inapata joto," akasema. "Hii ya baridi ilishakufa siku nyingi. Na hiyo ya moto inabeba kazi ya mbili, nayo inakaribia."

Kurudi Mto wa Mbu hatukuchukua mzigo mwingine. Kesho yake gari ikaenda Arusha, maana kule kuna mafundi waliokomaa na magari ya watalii. Fundi tuliyempata alikuwa mzee mpole, akanieleza kama mwanafunzi, na mimi nawaeleza ninyi.

Kwanza, shokapu haibebi uzito. Kinachobeba ni springi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kudunda. Ndani yake kuna pistoni inayopita kwenye mafuta kupitia vitundu vidogo, na ule mtikisiko unageuka kuwa joto. Barabara yenye mikunjo inaipiga bila kupumzika, mafuta yanachemka, yanachanganyika na hewa na kutoa povu. Povu haizuii kitu. Ndiyo maana gari ilikuwa nzuri kilomita chache za mwanzo, halafu inaharibika njiani.

Pili, marehemu alifunga ngao ya chuma na winchi mbele. Uzito ule haukuwemo gari ilipotoka kiwandani. Kwa hiyo mimi niliweka shokapu dhaifu kwenye pua nzito, halafu nikamlaumu dereva.

Akanionyesha aina mbili nzuri, zote za gesi ya naitrojeni, maana gesi hiyo ikiwa na presha inazuia povu. Moja ina bomba mbili, moja ndani ya nyingine. Nyingine ina bomba moja nene: hiyo inapoa haraka zaidi kwa sababu mafuta yanagusa ukuta wa nje, lakini jiwe likiibonyeza pistoni inaweza kukwama. Kwa njia yetu ya mawe akanishauri ya bomba mbili, ile nene ya kazi nzito. Akasisitiza na urefu: ukinyanyua springi ukaacha shokapu fupi, inavutwa mpaka mwisho na kung'oka. Ikiwa ndefu kupita kiasi, inagonga chini na kupasuka.

Tatu, hakutaka kuuza tu. Alisema usukani kutetemeka vile si lazima iwe shokapu peke yake. Akanyanyua gari kwa jeki, akakagua beringi, tairi na ile shokapu ndogo ya usukani. Akakuta bushi za chuma kinachoishika ekseli isiende kando zimeliwa zote. "Mama, ukibadilisha shokapu ukaacha hizi, utarudi hapa kunitukana," akasema.

Bei yote, shokapu mbili na bushi na ufundi, ilifika laki tisa. Na mimi laki tisa nilikuwa nazo. Ila zilikuwa na jina. Ni hela nilizodunduliza za kujengea kaburi la mume wangu. Ukoo wote walikuwa wanajua mwezi huo tunajenga.

Nilikaa kwenye tairi pale gereji nikalia. Shemeji akanifuata, akachuchumaa. Nikamwambia, "Nisamehe. Nilikuita mvivu, na moyoni nilikuita mwizi." Akakaa kimya kidogo, akasema, "Ya mwizi sikuijua. Lakini shemeji, kaka kaburini hadundi. Tunaodunda ni sisi." Tukajikuta tunacheka na machozi.

Nikalipa.

Kwenye gari hii shokapu ya mbele haikufungwa pamoja na springi, kwa hiyo kazi haikuchukua muda. Kitu kimoja nilikiona: nati za bushi fundi alizikaza mwisho kabisa, gari ikiwa imesimama kwa uzito wake chini, ili raba zisikae zimejipinda. Wenye magari mwangalieni fundi wako hapo.

Sitawadanganya kwamba sasa inateleza kama basi la watalii. Ni pikapu, ikiwa tupu bado inarusha, na siku za kwanza niliona mbele ni ngumu kuliko zamani. Ila inashika njia. Pua ikizama inainuka mara moja na kutulia. Shemeji anarudi jua likiwa bado lipo, na kile kitenge amekirudisha kwa mke wake.

Ukoo walisema, na bado wanasema. Shangazi mmoja alinipigia akaniambia nimemnyima marehemu nyumba yake ili nipambe gari. Shemeji ndiye aliyesimama kikaoni akajibu, nami siku hiyo nilikaa kimya. Kaburi bado ni udongo na mawe tuliyopanga kwa mikono. Hela za safari naweka upya pembeni, Mungu akipenda Desemba tunajenga.

Haya wadau, yangu ndiyo hayo. Kama una mtu anayekuendeshea gari na kila siku anakwambia kitu kimeharibika, kabla hujamwita mvivu panda naye safari moja. Na mkifika, shika shokapu kwa mkono wako mwenyewe.