Kabla ya Notisi ya Siku 90

Mwaka juzi tulimtoa mjomba wangu katika kisiwa kimoja cha kata ya Salale akiwa hajitambui. Boti ilisubiri maji yajae ndipo ipite kati ya mikoko hadi Nyamisati. Gari likampeleka Kibiti, na Kibiti wakampa rufaa ya Dar es Salaam. Usiku huo akaingizwa katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali ambayo sitaitaja.

Siku nne tulikaa kwenye benchi la ukumbini. Kila mlango ulipofunguliwa tulisimama. "Daktari atawaambia," wauguzi walisema, naye daktari alipita mbio. Siku ya tano tuliitwa kupokea taarifa ya kifo. Mkazamjomba aliuliza jambo moja tu: nani alikuwa naye alipokata roho? Hakujibiwa.

Matanga yalipoanuliwa, ukoo ulikuwa umekwisha kuamua kushtaki. Kwa hasira ya msomi, nilikwenda kwa wakili niliyepata kumfundisha. Akanieleza kwamba Serikali haishtakiwi kabla ya kupewa notisi ya siku 90. Kisha akauliza: "Mwalimu, uzembe wenyewe ni upi?" Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni ukimya wa siku nne.

Nchini Marekani, mwaka 1992, Hickson na wenzake walichapisha majibu ya familia 127 zilizoshtaki baada ya watoto wao kudhurika wakati wa kuzaliwa. Asilimia 24 walisema waligundua wamefichwa jambo. Asilimia 20 walihitaji taarifa. Waliotaja shida ya fedha nao walikuwa asilimia 24, si zaidi.

Mkazamjomba aliporudi hospitalini kufuata karatasi, sista mmoja wa zamu ya usiku alimkalisha, akamsomea jalada: saa ngapi presha ilishuka, dawa gani iliongezwa, saa ngapi daktari aliitwa na saa ngapi alifika. Hakuficha kwamba alikuwa peke yake na wagonjwa sita. "Nisamehe, mama. Nilikuwa nimemshika mkono. Nilipaswa kukwambia siku ile ile." Notisi haikuandikwa.

Wakuu wa hospitali hudhani kunyamaza ni kinga. Mimi naona ndiko kunakowapeleka watu kwa mawakili. Daktari hupita; muuguzi ndiye anayekesha kitandani. Si kazi yake kutangaza ugonjwa ambao daktari hajauthibitisha, lakini mgonjwa ameamkaje si siri. Dakika chache kila zamu, kisha aandike jaladani nani ameelezwa, nini, na saa ngapi. Maandishi hayo ndiyo yatakayomsemea siku atakapoitwa mbele ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Najua mtumishi wa umma anayesoma hapa atauliza dakika hizo zitoke wapi, kwa muuguzi mmoja na wagonjwa sita. Swali ni la haki, ila aulizwe mwajiri.

Wala sisemi uzembe ufunikwe kwa maneno matamu. Mdogo wake mjomba hakuridhika hata kidogo. Idi iliyopita, tukisubiri boti Nyamisati, aliniuliza: "Daktari aliyeitwa saa nane usiku akafika saa tisa na nusu, alikuwa wapi?" Hilo sista hakulijua. Nimewaandikia hospitali barua, nami nasubiri majibu.