Bomba Chini, Mkaa Juu: Barua kwa Mjomba

Mbagala Rangi Tatu, Temeke
Desemba 2025

Mjomba,

Uliniagiza nikifika Dar niangalie gesi yetu ya Kusini inafanya kazi gani huku, kisha nikuandikie bila kuipamba habari. Nimezunguka Temeke na Kinondoni nikiuliza na kusoma. Yapo ya kukufurahisha, na yapo ambayo ni afadhali uyasikie kwangu kabla hujayasikia mkutanoni.

Nianze na barabara iliyonileta. Pale Somanga Fungu, bomba linalotoka Songo Songo chini ya bahari hukutana na lile la inchi 36 linalotoka Madimba, Mtwara. Kuanzia hapo gesi inaelekea Dar, upande uleule wanaoelekea abiria wa Kusini. Na juu, kwenye lami, unakwenda mkaa. Toka Kilwa hadi Mkuranga nimeona magunia yamepangwa kando ya barabara, yamejazwa lumbesa na kuzibwa kwa majani na kamba, malori yakisimama kupakia. Tulipoingia Mbagala jioni, lori lililokuwa mbele yetu lilibeba magunia hayohayo. Misitu ya Kilwa na Rufiji inapikia jiji lililopata gesi asilia tangu 2004. Jambo hili halijanitoka akilini, na mengi nitakayokuandikia yanaanzia hapo.

Jirani na ninapolala kuna mama lishe anayewasha moto kabla ya adhana ya alfajiri. Ana majiko mawili ya mkaa, na kando yake jiko dogo la gesi juu ya mtungi wa kilo 6. Chai na mayai ni vya gesi, maharage na wali ni vya mkaa. Nilimuuliza kwa nini asihamie gesi moja kwa moja. Akanionyesha kopo la rangi ambalo wauza mkaa hupimia. Asubuhi hununua makopo kwa hela ya mauzo ya jana, na biashara ikiwa mbaya hununua nusu yake. Mtungi ukiisha unataka shilingi elfu ishirini na kitu kwa mkupuo mmoja, na sufuria ya maharage inaumaliza upesi. Hela ya mkupuo hana. Halafu akanigeukia mimi, mtu wa Kusini, akataka nimweleze kwa nini gesi ya kwetu tunamuuzia ghali hivyo.

Mjomba, swali hilo utalisikia hata huko, kwa hiyo shika jibu. Gesi ya kwenye mtungi si ya kwetu. Ile ni propani na butani, zao la visima na viwanda vya kusafisha mafuta vya nchi za mbali. Inakuja kwa meli, inashushwa Dar na Tanga, inajazwa kwenye mitungi. Bei yake inafuata soko la dunia na dola. Gesi ya visima vyetu vya Songo Songo na Mnazi Bay karibu yote ni methani, na methani haikubali kuwa maji ndani ya mtungi wa kawaida. Ili imfikie mtu, ama ipite bombani, ama ishindiliwe kwa nguvu kwenye mitungi mizito kama ile ya magari, ama ipozwe kwa baridi kali hadi iwe kimiminika. Kwa hiyo mama huyu anapikia gesi ya ng'ambo na mkaa wa Kilwa, na gesi ya Kusini inampita chini ya ardhi.

Inampita kwenda wapi? Kwanza kwenye mitambo ya umeme ya Ubungo, Kinyerezi na Tegeta. Kwa miaka mingi zaidi ya nusu ya umeme wa taifa ulitokana na gesi hii. Pili viwandani. Tawi la bomba la Songo Songo linafika Wazo, huko Kinondoni, kuchomea saruji, na hapa Temeke viwanda vya upande wa Chang'ombe vinaitumia. Tatu, majumbani, lakini kwa kudonoadonoa: Mikocheni, Sinza, eneo la Chuo Kikuu. Nilipelekwa kwenye nyumba moja Sinza nikaone kwa macho yangu. Bomba jembamba la rangi ya njano linapanda ukutani, lina mita na koki, linaingia jikoni hadi kwenye jiko. Mwenye nyumba aliwasha, akainjika chai, akaendelea na mazungumzo. Hawazi mtungi kuishia katikati ya futari. Nilisimama pale nikimfikiria yule mama wa Rangi Tatu. Wilaya ya Temeke peke yake ina watu zaidi ya milioni 1.3 kwa sensa ya 2022, na kwenye mitaa yetu hii ya uswahilini, ambako nyumba zimebanana na gari la kuchimba mtaro halina pa kupita, sijaona bomba hata moja la njano.

Kwenye magari mambo yamechangamka zaidi, na hapa nilifurahi kwa dhati. Kijana wa bajaji wa Tandika alinichukua hadi Ubungo anakojazia. Mtungi wake umefungwa nyuma ya kiti cha abiria. Kilo moja ya gesi anainunua kwa shilingi 1,550 hivi, wakati lita ya petroli imekuwa ikicheza karibu na 3,000, na kwa hesabu yake kilo hiyo inampeleka mbali kuliko lita. Shida ni foleni. Zamani ilikuwa ni usiku kucha, aliniambia. Madereva walilala ndani ya magari wakisogea hatua kwa hatua. Sasa vituo vinaongezeka, na TPDC, shirika la petroli la taifa, yenyewe imejenga kituo kikubwa kando ya Barabara ya Sam Nujoma. Kufunga mfumo wa gesi kwenye gari dogo kunafika milioni 2, na hapo ndipo wengi wanapokwama, kama mama lishe anavyokwama kwenye mtungi. Gesi ni nafuu kila siku na ghali siku ya kwanza. Anayeweza kuivuka siku ya kwanza anafaidi. Asiyeweza anabaki kwenye petroli na mkaa.

Sasa nije kwenye uliyotaka kuyajua hasa, mradi wa gesi wa Likong'o, huko Lindi.

Unajua mwanzo wake kuliko mimi. Nchi inahesabu futi za ujazo trilioni 57.54 za gesi iliyogunduliwa, nyingi yake kwenye kina kirefu cha bahari mbele ya Lindi na Mtwara. Equinor na ExxonMobil wana kitalu namba 2, Shell wana namba 1 na 4. Mpango ni kuivuta hadi Likong'o, kuipoza hadi nyuzi 162 chini ya sifuri ipungue ujazo mara 600, na kuipakia melini iende kuuzwa kokote. Watu wa Likong'o wakalipwa fidia wakapisha. Juni 2022 makubaliano ya awali yalisainiwa mbele ya Rais Samia. Mwaka 2023 tukatangaziwa kuwa majadiliano yamekamilika. Hadi naandika barua hii mkataba wenyewe haujasainiwa. Gharama inayotajwa ni dola bilioni 42, na ujenzi wake ni wa miaka. Hata wakisaini kesho, meli ya kwanza itakuwa ya miaka ya 2030.

Kwa hiyo swali la maana ni soko gani litaikuta meli hiyo. Mwaka 2022 kila mtu aliamini zamu yetu imefika. Urusi ilipoivamia Ukraine na gesi ya bombani kuelekea Ulaya ikapungua, Ulaya ikaingia baharini kununua kila shehena. Agosti ya mwaka ule bei ya soko la Ulaya ilivuka euro 300 kwa megawati-saa, wakati miaka ya nyuma euro 20 ilikuwa bei ya kawaida. Meli zilizotarajiwa Pakistan na Bangladesh ziligeuzwa njia zikafuata hela, na watu wa nchi hizo wakakatiwa umeme kwa saa nyingi kila siku. Tafakari hilo, Mjomba. Hapa Dar mwaka uleule mafuta yalipanda mpaka serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, lakini mitambo ya Ubungo haikupigwa na bei ile ya Ulaya, kwa sababu gesi yake inatoka Kusini kwa bomba na bei yake imo kwenye mikataba ya hapahapa. Sijaona hoja nzito kuliko hiyo ya kuitumia gesi nyumbani.

Tangu hapo wauzaji wengine hawakukaa wakingoja. Marekani, ambayo ilianza kuuza kwa wingi 2016, ilikuwa ya kwanza duniani kufikia 2023. Qatar, iliyokuwa na uwezo wa tani milioni 77 kwa mwaka, inajenga ili ifike milioni 142 kabla ya 2030 au karibu yake. Biashara yote ya gesi ya melini duniani ni kama tani milioni 400 na ushee kwa mwaka, kwa hiyo ongezeko la Qatar peke yake si dogo. Karibu na Sur, bandari ya Oman ambayo majahazi yake yalikuja pwani yetu na kaskazi, meli zinapakia gesi Qalhat tangu 2000. Na ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji walipakia meli yao ya kwanza Novemba 2022 kutoka kiwanda kinachoelea. Mradi wao wa nchi kavu, Afungi, ulisimama baada ya Palma kushambuliwa Machi 2021. Unakumbuka watu waliovuka kuja Mtwara na vitoto mgongoni. Mwezi uliopita TotalEnergies, wanaouendesha mradi huo, wametangaza kuondoa zuio lililousimamisha. Wote hao wako mbele yetu kwenye mstari.

Wachunguzi wengi wa soko wanatarajia gesi iwe tele kuelekea 2030 na bei ishuke. Kwa mnunuzi ni neema, na India na nchi nyingine za Asia zitanunua zaidi ikiwa nafuu. Kwa mradi wa dola bilioni 42 unaochelewa kuanza, ni mtihani. Bei ikiwa chini, mwekezaji hurudisha gharama zake polepole, na mgao wa serikali unasogea mbele. Equinor walishaipunguza thamani ya mradi huu vitabuni mwao kwa dola milioni 982 Januari 2021. Hawakuondoka, na mimi sisemi mradi umekufa. Ninachosema ni kwamba utauza kwenye soko ambalo mnunuzi ndiye anayechagua, na Lindi isifunge maisha yake kwenye nanga ya meli ambayo haijaundwa.

Tena tusijidanganye upande wa pili. Songo Songo iligunduliwa 1974, inachimbwa tangu 2004, na visima vinazeeka. Ili Temeke ipikie gesi na Lindi ipikie gesi kwa miaka 30 ijayo, itahitajika gesi mpya, ikiwemo ya bahari kuu. Kwa hiyo mkataba wa Likong'o unatuhusu hata kama bei ya dunia ni mbaya, na pengine hapo ndipo unatuhusu zaidi. Wakati huohuo, bwawa la umeme la Julius Nyerere sasa linazalisha hadi megawati 2,115, na gesi iliyokuwa ikichomwa kwa ajili ya umeme inaweza kupelekwa kwenye majiko na magari. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupikia nishati safi ifikapo 2034. Lengo zuri, nami naliunga mkono. Lakini likitegemea mitungi ya kuagizwa peke yake, tutakuwa tumemtoa mama lishe kwenye mkaa na kumkabidhi kwa bei ya soko la dunia.

Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipolipinga bomba, na watu wakapoteza maisha, wengi huku Dar waliwaita wabinafsi. Nimekaa Mbagala nikalitafakari upya. Walichouliza ni gesi itawafaidi nini wanaoishi juu yake. Mtu wa Rangi Tatu, ambaye gesi inampita chini ya ardhi, leo anauliza vilevile. Tusikubali tugombanishwe, Kusini na Dar. Sote tunasubiri bomba la njano.

Nimesikia kuwa pale Mnazi Mmoja, Lindi, na pia Mkuranga, TPDC na REA, wakala wa nishati vijijini, wameanza kupeleka gesi majumbani. Nenda ukaone, Mjomba, uulize kila nyumba inalipa kiasi gani na nani alilipia kuunganishwa. Hicho cha kuunganishwa ndicho kikwazo. Serikali ikikibeba, au ikikikata kidogo kidogo kwenye malipo ya kila mwezi, watu watapokea wenyewe bila kampeni.

Na mkutano wa kijiji ukiitishwa kuhusu Likong'o, usimame uulize mambo haya kwa sauti: ni sehemu gani ya gesi ya bahari kuu itabaki nchini, itauzwa kwa bei gani kwa mtu wa ndani, na je, hayo yameandikwa ndani ya mkataba au yamesemwa tu jukwaani. Usikubali kuambiwa mchakato unaendelea. Ulizia ukurasa.

Nisalimie mkaza mjomba na wote hapo nyumbani.

Mpwa wako.