Pilipili Niliyoiuza Kaunta

Wahenga walinena kwamba pilipili usiyoila yakuwashiani. Mimi sikuila, niliiuza tu, na hadi leo inaniwasha.

Mpenzi msomaji, nina duka dogo hapa Marafa, kiasi cha kilomita 30 kutoka mjini Malindi, ukishavuka daraja la Sabaki na kuelekea bara. Pengine umewahi kupasikia kwa sababu ya Nyari, lile bonde la udongo mwekundu na mweupe ambalo wageni huja kulitazama jua linapotua. Hao hupita mbio na magari yao. Wateja wangu ni akina mama wa hapa, walimu, wanafunzi na vijana wa bodaboda. Nauza unga, sukari, mafuta, madaftari, na pilipili kichaa kwa fungu.

Siku moja, shule zikiwa ndiyo kwanza zimefunguliwa, aliingia kijana mmoja mtanashati aliyebeba mkoba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alifungua mkoba akatoa kijikabati cha kadibodi chenye vidaraja vitatu. Humo mlipangwa vitu ishirini na vinne vya kupendeza: vingine mithili ya rangi ya mdomo, vingine kama kalamu, vingine vya kutundikia funguo. Nilidhani ni vipodozi. Kumbe kila kimoja kilikuwa na maji ya pilipili ya kumpulizia adui machoni.

"Usiviweke rafuni, mama," alinishauri. "Viweke hapa kaunta, karibu na mizani. Mtu akingoja chenji, macho yake yatatua hapa. Msichana hatauliza kwa sauti, ataokota tu na kulipa."

Alinipa mali kauli. Nilipe shilingi 450 kwa kila kimoja nikishakiuza kwa 600. Nisipouza, achukue vyake. Nilipomuuliza kama si hatia, alicheka. "Ni pilipili tu, mama, kama hiyo unayouza kwa fungu!"

Sitakuficha, msomaji. Faida haikuwa ndiyo sababu ya pekee. Binti yangu anasoma Mombasa. Mwaka uliotangulia, akitoka maktaba saa mbili usiku, alikamatwa shingo na mtu asiyemjua, akanyang'anywa simu na kuburutwa mpaka nyuma ya kibanda. Aliponea chupuchupu kwa sababu mlango wa jirani ulifunguliwa. Tangu siku hiyo silali vizuri jua likizama. Kwa hiyo cha kwanza kutoka katika kijikabati kile nilikinunua mwenyewe nikamtumia kwa matatu.

Kwa majuma mawili niliuza kumi na kimoja. Alinunua mwalimu mmoja wa kike, akanunua mama anayefunga hoteli yake usiku. Walinunua pia vijana wawili wa kiume, wakicheka na kusukumana. Niliwatazama, nikasita, kisha nikapokea pesa. Duka ni duka, nilijiambia. Hata muuza panga hamuulizi mnunuzi anakwenda kukata nini.

Balaa la kwanza lilianzia nyumbani. Mjukuu wangu wa miaka sita alichukua kile cha mfano wa rangi ya mdomo, akakibonyeza karibu na uso wake. Lahaula! Alipiga yowe lililowatoa watu hadi barabarani. Sote dukani tulikohoa na kutokwa machozi. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Hawe, ana pumu, naye tulimtoa nje akihema kama samaki.

Nilichota maji kikombe kimoja, nikamwosha mtoto na kumfikicha macho. Akazidi kulia. Hawe, hata kabla pumzi hazijamrudia, aliagiza kibuyu cha maziwa. Kisha akajikatiza mwenyewe. "La, msimmwagie. Hapa Marafa walioyaoga maziwa walimezwa na ardhi!" Kila mwenyeji anakijua kisa hicho cha matajiri wa Nyari waliooga maziwa ya ng'ombe huku wenzao wakiona njaa. Tulicheka huku tukilia.

Baadaye mwalimu wa sayansi alinieleza kosa langu. Kinachowasha katika pilipili huitwa kapsaisini. Huyeyuka ndani ya mafuta lakini si ndani ya maji, na ndiyo maana kikombe kimoja hakikufua dafu. Haiunguzi kama moto, bali huidanganya mishipa ya fahamu idhani inaungua. Kwa kuuchunguza uwasho huo, David Julius wa Marekani aliigundua sehemu ya mishipa inayohisi joto, na mwaka wa 2021 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Maziwa hutuliza kinywa cha aliyekula pilipili. Aliyepuliziwa usoni hutakiwa kupelekwa penye upepo, asifikichwe, apepese macho na kuoshwa kwa maji safi mengi sana, na ngozi isuguliwe taratibu kwa sabuni. Mwenye pumu akimbizwe hospitali.

Balaa la pili lilinikuta wiki ileile. Mama mmoja muuza mboga, ambaye hununua kwangu kwa deni na kulipa bila kukumbushwa, alikuwa akirudi nyumbani magharibi. Vijana wawili walimsimamisha wakijifanya wanauliza njia, wakampulizia usoni na kumpokonya mkoba wenye mauzo ya siku nzima. Alikuja dukani asubuhi macho yamevimba. Hakunishutumu. Alikitazama tu kile kijikabati, kisha akaomba nusu kilo ya sukari.

Je, walikuwa ni wale wawili waliokuwa wakicheka? Sijui. Lakini macho yale yaliniadhibu kuliko hakimu.

Nilimpigia simu mtoto wa ndugu yangu anayesomea uanasheria. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shangazi, ondoa vitu hivyo leo hii." Alinifafanulia kwamba Sheria ya Silaha za Moto ya Kenya, Sura ya 114, haihesabu bunduki na bastola peke yake. Inahesabu pia chombo chochote kilichoundwa kurushia maji au hewa yenye kudhuru. Kwa hiyo pilipili ya fungu ni kiungo cha mchuzi, lakini ikitiwa ndani ya chombo cha kumpulizia mtu, chombo hicho chaingia katika jina la silaha, na silaha haiuzwi wala kubebwa bila cheti. Uingereza nayo imekipiga marufuku kitu hicho kwa sheria yake ya mwaka wa 1968, ingawa majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu kiuzwe madukani. Mwanafunzi anayesafiri asidhani ruhusa ya nchi moja ni ruhusa ya zote.

Nilimpigia yule kijana. "Kila mtu anauza, mama," akanijibu, na simu ikakatika. Nilivifunga vilivyobaki ndani ya gazeti, nikaandamana na mzee wa mtaa hadi kituo cha polisi. Miguu ilinitetemeka. Nilivikabidhi, nikaandikisha jina, nikapewa onyo kali na kuruhusiwa kurudi.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kumwambia binti yangu. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Nikikitoa, mama, utanipa nini badala yake?"

Msomaji, wewe ungemjibu nini? Sheria nimeieleza, hatari nimeieleza, lakini ile njia ya giza bado iko palepale. Nilikosa la kusema. Tulikata simu bila kuagana vizuri.

Baada ya siku tatu nilimpigia tena. Nilimwambia ahamie chumba kilicho kando ya barabara yenye taa, na tofauti ya kodi nitailipa mimi. Tulikubaliana atoke maktaba na wenzake watatu, na wawe na namba ya dereva mmoja wanayemjua. Akifika mlangoni hunipigia, hata kama ni mlio mmoja tu. Alikikabidhi kile chombo, ingawa kwa shingo upande. Sidai kwamba sasa yuko salama kabisa.

Pale kaunta, kando ya mizani, sasa nimeweka boksi la filimbi za marefa, shilingi 50 kila moja. Filimbi haimtoi mtu machozi, lakini huwaita watu, na mlango wa jirani ndio uliomwokoa mwanangu. Juu yake nimebandika karatasi: polisi 999, dhuluma za kijinsia 1195, watoto 116. Chini nimeandika kwamba aliyenajisiwa akimbilie hospitali kabla saa 72 hazijapita, asioge kwanza, ili apewe dawa za kuzuia Ukimwi na ushahidi uhifadhiwe.

Yule muuza mboga nilimfutia deni lake. Alikataa, akalipa lote. Nilipompa filimbi, aliipokea.

Kila jioni ifikapo saa mbili huikodolea macho simu yangu. Ikilia mlio mmoja, nafunga duka.