Mirerani: Eti Tanzanite Ilitapikwa na Kilimanjaro?

Ukifika Mirerani, wilayani Simanjiro, siku isiyo na mawingu, unauona Mlima Kilimanjaro umesimama kule kaskazini-mashariki kama picha ya kalenda. Hapo ndipo longolongo zinapoanza. Dalali akishaona sura ngeni: "Kaka, hili jiwe lilitapikwa na mlima ule pale." Mteja anameza.

Kwa taarifa yako, mlima ule ni mtoto. Haujafikisha hata miaka milioni tatu. Tanzanite ina karibu milioni 585! Mjukuu anamzaaje babu?

Mlima wenyewe ni miamba ya moto, ile tuliyokariri kwenye jiografia. Uji wa mawe unapanda kutoka chini, ukimwagika nje unapoa haraka, unakuwa mawe meusi, mengine yana vitundu kama mkate wa kumimina. Ukipoa polepole huko huko chini, chembe zinapata muda wa kukua, unapata matale kama majabali ya Mwanza.

Tanzanite haikupita njia hiyo. Ilianzia kwenye tope la chini ya bahari (ndiyo, bahari, Simanjiro hii hii ya vumbi). Tope lenye mabaki ya viumbe likafukiwa, mabara yakagongana, likakandamizwa na kupikwa mpaka likawa mwamba mwingine kabisa, uliojaa grafaiti, ile ile ya kwenye penseli. Ndiyo maana mwanaapolo akitoka shimoni anang'aa weusi. Maji ya moto yakapenya kwenye nyufa, mawe yakaota humo, na vanadiamu kidogo ikatia ubluu.

Hata hivyo, mengi yanatoka yakiwa ya kahawia. Yanachomwa kwenye tanuri, nyuzi 600 hivi, ndipo yanakuwa ya bluu na zambarau unayoyaona dukani. Huo si utapeli, dunia nzima inajua. Utapeli ni kioo cha bluu kilichokatwa vizuri.

Sasa kasheshe. Mwamba ule ulikunjwakunjwa wakati wa kukandamizwa, na mawe yamejificha kwenye mikunjo. Hayafuati mstari. Unaweza kuchimba mwaka mzima, hola, jirani akagonga mara moja tu akaukata. Mwaka 2020 Saniniu Laizer aliibuka na mawe mawili, kilo 9.27 na kilo 5.1, Serikali ikamlipa shilingi bilioni 7.74. Kijiweni wote wanalijua jina hilo. Wale wa mwaka 1998 na 2008, mvua ilipojaza mashimo na makumi ya vijana wakafia humo humo, hakuna anayewataja.

Ukitaka kwenda, nenda. Unakata kona pale njia panda ya KIA, lami ipo. Ila tangu mwaka 2018 machimbo yamezungushiwa ukuta wa kilometa 24.5, huingii kama unaingia sokoni. Unapita getini, na ukitoka unapekuliwa mpaka kwenye soksi.