Msalaba Kando ya Barabara

Njia ya Tabora kwenda Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ni ya zamani. Wapagazi walipita na pembe za ndovu mabegani. Leo wanapita waume na wana wetu kwa baiskeli, wamebeba mkaa na madumu ya asali.

Tulikwenda kumfariji mama aliyefiwa na mwanawe, aliyegongwa na gari jioni akirudi shambani. Tulimkuta akitaka kusimika msalaba mdogo mahali pale. “Kaburi liko nyumbani,” alisema, “lakini madereva hawapiti nyumbani.” Tukanyamaza.

Huko St. Louis, Marekani, mwaka 2003 watu walianza kuweka baiskeli iliyopakwa rangi nyeupe mahali mwendesha baiskeli alipogongwa. Desturi hiyo imeenea nchi nyingi. Ujumbe wake ni ule ule wa mama yetu: dereva, punguza mwendo, hapa aliangukia mtoto wa mtu.

Sisi wauguzi huwapokea wakiwa wamechelewa. Basi mama, kabla hajatoka, angalia breki na taa. Usiku avae nguo nyeupe. Msalaba umwonye dereva, nasi tuonyane mlangoni.